Karantini ya Chokoleti

Kabla hujamwona Mama Bambo, unamsikia. Chwaa! Hicho ni chuma kinaingia kwenye gunia. Halafu kimya kidogo, halafu sauti yake: "Hili lishusheni. Lile lirudi kwenye lori, na dereva asinikodolee macho, mahindi sikuyapanda mimi."

Bambo ni chuma chembamba chenye mfereji katikati na ncha kali. Ukikichoma kwenye gunia, kinatoka na punje kiganja kimoja kutoka ndani kabisa, pale ambapo muuzaji mjanja huficha mahindi yaliyotobolewa na wadudu. Mama Bambo ni mpokea mizigo kwenye kinu cha unga, na ameishika kazi hiyo miaka kumi na tisa bila kuingiziwa gunia bovu hata moja. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye karatasi za mshahara tu. Hata mkuu wa kinu humwita Mama Bambo, tena kwa adabu.

Tabu ni kwamba kazi ile haikukubali kubaki kazini. Sokoni huwafunua samaki mashavu mmoja mmoja mpaka muuzaji anaomba poo. Akipewa zawadi, huigeuza chini juu kwanza, asante baadaye. Mdogo wake ni kinyozi mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya siku dada yake alipochumbiwa. Alimhoji yule mwanamume saa mbili nzima, akamwambia sawa, nenda, urudi kesho. "Shemeji alilazwa karantini," kinyozi humalizia, na wateja hucheka mpaka wembe unasimamishwa.

Karantini yenyewe lakini haikuwa mzaha. Sakafuni pale kinuni pamechorwa mstari mweusi, na upande wa nje wa mstari kuna jukwaa la mbao. Kila mzigo mgeni hulala juu ya jukwaa lile siku nzima kabla haujafunguliwa. Kama una wadudu, watatoka wenyewe. Kama una unyevu, utanuka. Mama Bambo ndiye aliyeianzisha kanuni hiyo, na kanuni haikujua ndugu wala rafiki.

Basi huyo ndiye Mama Bambo. Sasa mama yake.

Mama yake alikuwa dobi maisha yake yote, mwanamke wa mikono mikubwa na mdomo mkali. Mwaka huu homa ilimlaza wiki tatu. Homa ikaondoka, lakini ikaondoka na hamu yake ya kula. Kila alicholetewa alikionja kwa ncha ya ulimi, akasukuma sahani. Uji, maji matupu. Mayai, karatasi. Supu alisema ina ladha ya sufuria. Daktari alimpima huku na huku, hakuona ugonjwa. Akasema, "Mpeni chochote anachokitamani. Akianza na kimoja, vingine vitafuata. Asipoanza..." Hakumaliza, na Mama Bambo, ambaye hupenda watu wamalize maneno yao, safari hii hakumbana.

Kila Jumamosi alimpandisha mama yake kwenye mizani ya bafuni. Kilo arobaini na tano. Arobaini na tatu na nusu. Arobaini na mbili.

"Unanipima kama gunia," mama yake alisema.

"Gunia lingekuwa limeshiba, mama."

"Basi nichome na hilo libambo lako uone ndani kuna nini."

Jumamosi ile ya arobaini na mbili, Mama Bambo alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, mkono uliokuwa mkubwa. "Mama, niambie kitu kimoja tu. Chochote."

Yule mama alitazama dari. "Chokoleti," akasema. "Nyeusi. Chungu. Siyo hizi sukari za watoto."

Kumbe zamani, akiwa msichana, alikuwa akipiga pasi kwa mama mmoja mshona kofia. Kila Ijumaa, nguo zikiisha, yule mshona kofia alimpa kipande kimoja cha chokoleti nyeusi kutoka kwenye droo. Kimoja tu, na hakuwahi kuonja nyingine kama ile.

Mama Bambo alizunguka madukani siku hiyohiyo akarudi na aina nne. Mama yake alizionja zote nne, akazitema zote nne, akageukia ukutani.

Hapo ndipo alipokwenda kibandani kwa mdogo wake, ingawa moyo ulikuwa mzito. Kinyozi yule, kati ya kichwa na kichwa, huishi ndani ya simu. Lakini hatafuti ugomvi wala umbea kama wengine. Yeye hutafuta maajabu. Alishampata mtandaoni mzee anayerekodi mvua ikinyesha kwenye mapaa mbalimbali, bati, vigae, makuti, na ukifumba macho unaweza kuzitofautisha. Alishapata duka linalouza vifungo tu, kimoja kimoja, kila kifungo na maelezo ya koti kilikotoka. Alishapata ramani ya mtaa mmoja ambayo haioneshi nyumba hata moja, inaonesha paka.

"Hiki kifungo kilikuwa kwenye koti la nahodha," alimwambia dada yake siku moja, macho yanameremeta.

"Nani kasema? Kifungo?"

"Dada, wewe ungeliomba hata jua risiti."

Safari hii hakumtania. Aliposikia habari ya mama alifuta mikono, akageuza kiti cha wateja, akamkalisha dada yake kama anayekuja kunyolewa, wakaanza kutafuta. Ikawa kama kufungua mlango wa chumba na kukuta chumba kingine nyuma yake. Palikuwa na duka lililopanga chokoleti kwenye vioo kama vito vya dhahabu. Palikuwa na jingine linalotengeneza viatu vya chokoleti, na kamba zake zinafungika kweli. Kinyozi alisahau hata aliyekuwa akisubiri kunyolewa ndevu. Mama Bambo alikunja uso tu. "Mama hataki kiatu."

Kisha kikatokea kiduka kidogo, tena cha humuhumu mjini. Hakikuwa na vioo. Picha zilikuwa za mikono tu, mikono ya mwanamke ikipasua mbegu za kakao kwa kisu. Chini yake maneno machache: Chokoleti nyeusi. Kakao na sukari kidogo, basi.

"Hii hapa!" kinyozi akaruka.

"Polepole. Uso wake uko wapi?"

"Dada, unanunua chokoleti, hutafuti mchumba."

"Mtu asiyeonesha uso ana sababu." Akavaa miwani. Akasoma maoni ya wateja yote, na kadiri alivyosoma ndivyo machale yalivyomcheza. "Watu mia mbili wote wanasifu. Mia mbili! Sisi kinuni tuko tisa, na hatujawahi kukubaliana hata juu ya chai iwe na maziwa au isiwe. Hawa wamepangwa."

Hata hivyo alipiga simu. Sauti iliyopokea ilikuwa ya kunong'ona. "Haloo... ndiyo, ni hapa. Nani mlaji? Mama mtu mzima? Chumba chake kina joto? Dirisha lake linaelekea upande gani?"

Mama Bambo alifunika simu kwa kiganja. "Anauliza dirisha la mama," akamwambia mdogo wake, nywele zimemsimama. "Tena ananong'ona. Huyu anajificha, na anataka kujua dirisha!" Akairudia simu kwa sauti ya kazini. "Mzigo uletwe kinu cha unga, lango la mapokezi. Malipo mkononi baada ya kupokea. Na madirisha yangu niachie mwenyewe."

Alhamisi asubuhi kijana wa pikipiki alileta boksi jembamba lililofungwa kamba. Mpagazi mkuu, jitu la mabega mapana ambaye wenzake humwita Kabati, alilinyanyua kwa vidole viwili.

"Mama Bambo, hili gunia leo limepungua mwili! Tulipeleke nyumbani kwa mgonjwa moja kwa moja?"

"Weka karantini."

"Chokoleti?"

"Kwani imeandikwa wapi kwamba chokoleti haina karantini?"

Kabati akaliweka juu ya jukwaa, katikati ya magunia ya mahindi, chini ya paa la bati ambalo saa nane mchana linakuwa kama kikaango. Likakaa hapo mpaka Ijumaa asubuhi.

Nyumbani jioni ile mama yake alikuwa ameomba kitana. Amesuka nywele mwenyewe, mistari imepinda. "Imefika?" akauliza.

"Imefika. Kesho, mama. Inakaguliwa."

"Inakaguliwa," yule mama akarudia, akalala na nywele zake nzuri.

Ijumaa asubuhi Mama Bambo alikata kamba, akafungua boksi, akahesabu kama kanuni inavyotaka. Vipande kumi na mbili. Vyote vilikuwa na vumbi jeupe juu, madoa na mistari, vilevile kama mahindi yaliyolala kwenye unyevu.

"Ukungu," alisema taratibu. Alichukua bambo lake, lile refu la magunia, akakichoma kipande kimoja katikati. Kikapasuka. Ndani pia palikuwa pamepauka. Kabati alichungulia, akavuta kichwa nyuma.

Angeweza kucheka kwamba ameshinda tena, maana tangu mwanzo alijua. Hakucheka. Alifikiria ile mistari ya nywele iliyopinda, na hasira ikampanda. Akachora msalaba mwekundu wa chaki juu ya boksi. Kwa kanuni ya kinu, mzigo uliokataliwa hautupwi wala hauchokonolewi zaidi. Unarudi kwa mwenyewe mzima kama ulivyokuja. Saa ya chakula alikwenda kibandani, akamwamuru mdogo wake aandike kule mtandaoni, nyota moja.

"Niandikeje, dada?"

"Mzigo umefika na ukungu. Umekataliwa. Mpokeaji."

"Ongeza hata 'samahani'."

"Andika."

Jioni alimwonesha mama yake boksi ili asidhani amenyimwa, akalifunika upesi, akalipandisha juu ya kabati la nguo. "Zimeoza, mama. Kesho nazirudisha kwa huyo tapeli, naye atanitambua." Mama yake alilitazama lile kabati muda mrefu, kisha akageukia ukutani, na Mama Bambo akaona mifupa ya mgongo wake ikichomoza kupitia gauni.

Jumamosi mapema, hata mizani hakuigusa, akachukua boksi, bambo kwenye mkoba, akaenda na anwani mkononi. Mtaa ulikuwa wa kawaida, fundi redio, duka la daftari, kisha lango la bluu lisilo na kibao. Hana kibao! Alizunguka kwanza. Alikagua mtaro: msafi mno. Alikagua dirisha: limefunikwa kitambaa cheusi mchana kweupe. Nani anafunika dirisha mchana kama hana la kuficha? Kutoka ndani ulisikika mngurumo wa mashine, mfululizo, wa chini kwa chini. Alibisha kwa kitako cha bambo.

Lango lilifunguka upana wa jicho moja. Mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani alinong'ona, "Umetumwa na nani?"

"Nimetumwa na mama yangu mgonjwa."

Lile jicho likashuka mpaka kwenye boksi, likauona msalaba mwekundu. "Kumbe wewe ndiye Mpokeaji!" Ule mnong'ono ukawa na meno. "Umeniharibia jina, mama. Tangu jana watu watatu wamefuta oda. Na hilo chuma la nini? Umekuja kunichoma?"

"Punguza... hapana, pandisha sauti! Kwa nini unanong'ona?"

"Mume wangu mlinzi wa usiku, amelala hapo ndani! Wewe ulidhani nini?"

Mama Bambo alilirudisha bambo mkobani. Waliingia jikoni. Kulikuwa na ubaridi uliomshangaza, mashine ya kusaga kakao ikinguruma pembeni, na harufu iliyomjaza mate mdomoni bila ruhusa yake. Mezani palikuwa na ubao wenye vishimo hamsini, na katika kila kishimo mbegu moja ya kakao iliyopasuliwa nusu. Mbili zilikuwa zimetengwa pembeni.

"Hizo vipi?" aliuliza, akajikuta ameinama.

"Zina kijivu ndani. Gunia zima nimelirudisha."

Mama Bambo alimtazama yule mwanamke upya, lakini hakulegeza uso. Mpokea mizigo hulegea mwisho. "Mwenye kurudisha gunia zima ananiuzia mimi ukungu?" Akafungua boksi mezani kwa kishindo. "Tazama mwenyewe. Kumi na mbi..."

Vilikuwa saba.

Alihesabu tena kwa kidole. Saba, pamoja na kile kilichopasuka. Miaka kumi na tisa hajawahi kupungukiwa hata punje, na sasa amesimama mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuja kumshtaki, mzigo umepungua mkononi mwake.

"Kumi na mbili niliweka mimi," alisema mwenye duka.

"Kumi na mbili nilihesabu mimi." Akili ikamwenda mbio. Kabati? Hapana, Kabati hakufika nyumbani. Mdogo wake? Jana hakuja. Mumewe yuko safarini, nyumbani palilala watu wawili tu, yeye na... "Mama yangu," akasema. Alishika meza. "Mama yangu amekula ukungu. Vipande vitano! Ana kilo arobaini na mbili, atapigana nao vipi?" Alikuwa ameshageuka aondoke mbio.

"Subiri! Mama, subiri!" Safari hii mwenye duka alisahau kunong'ona. Alimshika kiwiko, akachukua kipande kimoja kilichopauka, akakisugua kwa kidole gumba. Lile vumbi jeupe likayeyuka. Likawa jororo, likang'aa kama mafuta, na chini yake ikatokea chokoleti nyeusi tititi. "Ukungu unayeyuka hivi? Hebu nusa."

Mama Bambo alinusa. Anaijua harufu ya ukungu kuliko anavyoyajua manukato. Hii haikuwa nayo. Lakini harufu nayo inaweza kudanganya. "Kula wewe kwanza."

Yule mwanamke akala.

"Meza. Fungua mdomo nione."

"Makubwa!" Lakini akaufungua. "Haya, umeona? Hayo ni mafuta ya kakao yenyewe. Chokoleti ikipata joto yanapanda juu, ikipoa yanaganda meupe. Haidhuru mtu, inapoteza sura tu. Ndiyo maana nina kitambaa dirishani. Ndiyo maana nilikuuliza chumba kina joto, na dirisha linaelekea wapi, ukanijibu kama askari. Uliiweka wapi?"

"Karantini."

"Karantini ndiyo wapi?"

"Jukwaani. Siku moja."

"Paa la nini?"

Mama Bambo alitazama kile kitambaa cha dirishani. "Bati," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Kabati asingeiamini hata kwa kiapo.

Mwenye duka alinyanyua vile vipande, akavuta kutoka chini yake kadi ndogo. Iliandikwa kwa mkono: Weka mahali pa baridi, mama apate kufurahia. Kadi ilikuwa humo siku zote, chini ya mzigo ambao kanuni ilikataza kuuchokonoa.

Hakusubiri maneno mengine. Alikimbia. Chokoleti haiui, sawa, ndivyo alivyosema mtu asiyeonesha uso mtandaoni, na je kama anadanganya? Mtu anaweza kumeza hata sumu kuokoa jina lake. Alipishana na mdogo wake akifungua kibanda, akapita bila salamu. Alipofika alisukuma mlango wa chumba cha mama yake huku anahema.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Mama yake alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, bakuli la uji magotini. Alikuwa ameupika mwenyewe, na aliacha mwiko umezama ndani ya sufuria, jambo ambalo angemkemea mtu mwingine yeyote.

"Mama! Tumbo vipi? Unaumwa wapi? Kichwa?"

"Huu uji hauna chumvi," alisema mama yake. "Lakini unalika."

"Umekula zile chokoleti!"

"Nimekula."

"Lilikuwa juu ya kabati! Nani alikushushia?"

"Kigoda hiki hapa. Nilipanda mara mbili, mara ya kwanza nilishuka kupumzika."

Mama Bambo alikaa chini sakafuni, sare ya kazi na mkoba begani. "Nilikuambia zimeoza, mama. Uliona ule weupe, ukala tu?"

"Nilikula kwa sababu ya ule weupe." Mama yake alilamba kijiko. "Ya yule mshona kofia ilikuwa hivyohivyo. Alikuwa anaiweka kwenye droo ya meza ya pasi, na mimi pasi nawasha kutwa. Kila siku ilikuwa na vumbi jeupe. Ulipofunua lile boksi nikasema, ndiyo hii. Ukafunika haraka, ukaanza kelele za tapeli." Akamkata jicho. "Zile nne ulizoleta zilikuwa nyeusi zinang'aa kama kiatu. Ningezijuaje?"

Mama Bambo alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, akatoa simu, akampigia mdogo wake.

"Futa ile ya jana. Andika: Mpokeaji ndiye aliyekosea. Mzigo mzuri. Uwekwe mbali na bati."

"Nyota ngapi, dada?"

Alifikiri. "Nne. Uso sijauona kwenye picha bado."

"Dada!"

"Haya, tano. Na umwombe boksi jingine. Nitakwenda kulichukua mwenyewe."

Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, akaleta mizani. Mama yake akapanda, ameshika ukuta. Mshale ukatetemeka, ukasimama. Arobaini na mbili na nusu. Mama Bambo aliinama, akatazama namba ile kutoka kulia, akaitazama kutoka kushoto. Uso ukaanza kufunguka. Halafu, polepole, ukajikunja tena.

"Mama, toa vitu mfukoni."

"Vitu gani?"

"Mfuko wa gauni. Huo."

Mama yake alipumua kwa nguvu, akaingiza mkono, akatoa vipande viwili vilivyofungwa kwenye leso. Akampa mwanawe kimoja, kingine akakiweka juu ya kigoda. "Onja basi, tapeli mkubwa."

Mama Bambo alikigeuza chini juu. Alikinusa. Alikisugua kwa kidole gumba mpaka weupe ukayeyuka, akakitia mdomoni, akafumba macho. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa bado juu ya mizani, mfuko mtupu, na mshale umesimama palepale, arobaini na mbili na nusu.